Barua ya Kuthibitisha Kwamba Una Akili

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mratibu wa kituo chetu cha masomo aliingia maktaba bila kubisha hodi, akatua karatasi tisa juu ya meza yangu na kuuliza, "Mzee, huyu mama umemwandikia wewe?"

Saa naijua kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuandika kila kitu kwenye daftari la maktaba: kitabu kilichotoka, kilichorudi, umeme uliokatika. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika "4:20, mratibu" kabla kichwa hakijaelewa swali.

Karatasi zilikuwa insha ya Mwalimu Yustina, mwalimu wa darasa la nne kule Makere, aliyekuwa akisoma shahada kwa masafa kupitia kituo chetu cha Kasulu. Somo lenyewe lilikuwa fasihi ya Marekani ya karne ya kumi na tisa, upande wa dhamira na mtindo. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na alama sabini na moja kwa kalamu ya bluu. Alama hiyo ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: kazi hii si ya mwanafunzi huyu.

"Mara ya kwanza alipata thelathini na nne," mratibu akasema. "Mara ya pili thelathini na nane. Leo sabini na moja? Mtu hakui hivyo."

"Mahindi yanakua hivyo yakipata mbolea, mratibu."

"Sikuja kwa utani. Kama umemwandikia, sema."

"Sijamwandikia hata nukta."

"Basi alete barua. Mtu mwenye shahada, anayemfahamu, athibitishe kwa sahihi na muhuri kwamba ameandika mwenyewe. Siku kumi na nne. La sivyo ni sifuri, na hii ni mara yake ya tatu. Kanuni unazijua. Anaondolewa."

Akatoka. Nikaandika kwenye daftari: 4:27, ameondoka.

Vijana mnaosoma haya, wengi wenu mko kidato cha tano na sita hapa Kibondo, na baadhi mnakuja kwangu Jumamosi na maswali. Mnaniita Profesa wa Stoo mkidhani sisikii. Nasikia. Jina hilo nililipata Kasulu kabla hamjazaliwa, na sina ugomvi nalo. Nilikuwa mtunza maktaba kwa mkataba, na maktaba yenyewe ilikuwa stoo iliyotobolewa dirisha. Elimu yangu ni darasa la saba. Nina miaka hamsini na sita. Nimesoma vitabu vya Wamarekani wa karne ile kuliko watu wengi wenye joho, na sitaomba radhi kwa hilo kwa mtu yeyote.

Vitabu hivyo vilikuja kwa makatoni, msaada kutoka kwa watu tusiowajua. Bosi wa wakati ule aliniagiza nichague vinavyofaa na vingine niwauzie wauza karanga wafungie. Nikamuuliza vinavyofaa ni vipi. Akasema, "Vyenye picha." Nikaviweka vyote rafuni, vyenye picha na visivyo na picha, na wauza karanga wakaendelea kufungia magazeti.

Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi ya kwenye pakiti za dawa. Nilikuwa na kamusi moja iliyochanika, ikikosa kurasa zote za herufi S. Mkidhani hilo ni jambo dogo, orodhesheni mambo ya vitabu vile: utumwa, dhambi, roho, bahari, theluji. Kwa Kiingereza yote huanza na herufi hiyo. Miaka miwili nilisoma riwaya za watu waliokuwa wakiogopa kitu nisichokijua, wakivuka kitu nisichokijua, huku kitu nisichokijua kikiwaangukia kutoka juu. Nilikuwa natega kila neno: nani analisema, anafanya nini baada ya kulisema, waliopo wanamtazamaje. Theluji niliipata hivyo, kwa kuona watu wanaikung'uta mabegani. Nilipopata kamusi nzima, nilikuta nimekosea maneno manne tu. Msikimbilie kamusi, wala hiyo simu. Mtegeni mwenye neno kwanza.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, maana ninyi mnadhani mtu anayewakatia kadi za kusomea hakosei.

Kituoni kulikuwa na desa. Mnalijua desa: karatasi za majibu tayari, zinazouzwa duka la kutoa kopi, kila mwaka zinafifia kidogo. Desa la somo lile lilikuwa na dhamira nne kwa kila kitabu, ziwe zimo au hazimo: rushwa, matabaka, nafasi ya mwanamke, na ujenzi wa jamii mpya. Sisi tumelelewa kwenye fani na maudhui, tunachora jedwali na kujaza. Kuna mwanafunzi mmoja aliandika ujenzi wa jamii mpya kwenye hadithi ambayo wahusika wote wanakufa kwa baridi mlimani. Nikamuuliza, "Hiyo jamii mpya iko wapi?" Akasema, "Walikufa wote mzee, ila walikufa kwa umoja."

Nilicheka, lakini mimi mwenyewe nilikuwa najaza jedwali. Kulikuwa na hadithi ya bwana mmoja wa mashamba ya pamba, anasimuliwa na jirani yake. Jirani anamsifu kurasa tano mfululizo: mpole, mcha Mungu, hajawahi hata mara moja kumchapa mtumwa siku ya Jumapili. Wanafunzi tisa waliniomba niwaeleze hadithi hiyo, nami nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: Dhamira, huruma ya mabwana. Wakanakili, wakaenda kwenye mtihani.

Wiki iliyofuata nilikwenda kununua kanga ya mke wangu kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa Kasulu mjini ambaye watu wake ni wa Bagamoyo. Kiingereza hajui hata salamu. Alipenda nimsimulie nilichosoma wakati akikunja vitambaa, nami nikamsimulia yule bwana mpole. Akasikiliza mpaka kwenye Jumapili. Akaacha kukunja.

"Jumapili hamchapi," akasema.

"Hamchapi kabisa."

"Na Jumatatu?"

Nikasimama pale dukani na kanga mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nauza masimango kwa jozi. Mwanamke anakuja hapa, ananunua kanga yenye sifa tupu, anakwenda kumvalia jirani yake, na huyo jirani analia siku tatu. Huyo mtu wako hasifu. Rudi ukasome tena, usome kwa sauti."

Nilirudi nikasoma kwa sauti. Kila sentensi ilikuwa na kisu ndani. Nilipanda pikipiki nikaenda kuwatafuta wale tisa, mmoja mpaka Munanila, kwenye shamba lake la kahawa, nikawaambia nimewafundisha ujinga. Wa Munanila akaniuliza, "Sasa unaniambia baada ya mtihani ili nifanye nini?" Yustina alikuwa mmoja wa wale tisa. Thelathini na nne yake ya kwanza, baadhi ni yangu.

Tangu hapo nikaacha jedwali, nikaanza kadi. Nilizikata kwenye maboksi ya sabuni, ukubwa wa kiganja. Kitabu unakisoma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, kila sura kadi tatu: nani anasema, anamwambia nani, na anaogopa kusikiwa na nani. Kisha unasoma kwa sauti, na pale sentensi zinapobadilika urefu ghafla unaweka alama. Dhamira huandiki mpaka uwe na sentensi tatu za kitabu zinazoibeba. Ukiandika "utumwa" hujaandika dhamira, umeandika jambo tu. Niambie kitabu kinagombana na nani kuhusu utumwa, na kinagombana kwa sauti gani. Sauti hiyo ndiyo mtindo. Wanaowafundisha kuandika dhamira ukurasa wa kwanza na mtindo ukurasa wa tano wanawapasulia mtu katikati kisha wanawauliza mbona haongei.

Yustina ndiye aliyezishika kadi kuliko wote. Alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Makere, anasalimia "Mwakeye" mlangoni kwa Kiha, anakaa chini mkekani kwa sababu viti vilikuwa viwili tu na vyote vibovu. Alichagua kitabu ambacho desa halikukitaja: maisha ya mwanamke mmoja aliyetoroka utumwani, yameandikwa naye mwenyewe. Vitabu vya namna hiyo ni vingi karne ile, na vingi vina kitu kimoja cha ajabu. Kabla mwandishi hajasema neno lake la kwanza, kuna barua. Mzungu mmoja mwenye heshima zake anathibitisha kwamba huyu mtu namfahamu, ni mkweli, na kitabu ameandika kwa mkono wake. Mara nyingine barua ni mbili au tatu. Mtu ametoroka kwa miguu majimbo mawili, lakini hawezi kufungua mdomo mpaka adhaminiwe.

Mimi nilikuwa naziruka barua zile. Nilidhani ni kama muhuri wa kiwanda. Nilimwambia tu Yustina, kwa kuwa ndiyo kanuni ya kadi, "Uliza hizo barua zinamfanyia nini mwandishi." Alikwenda nalo swali Makere. Baada ya majuma matatu alirudi na kadi sitini.

"Mzee Kadi," akasema, "angalia hapa. Akizungumza na hao waliomwandikia barua, sentensi zake ni ndefu, ana adabu kupita kiasi, kila mstari anashukuru. Akifika kwa mama yake, sentensi zina maneno matano, manne. Hapa moja ina mawili. Kitabu kimoja kina midomo miwili."

"Na dhamira?"

"Anagombana na zile barua. Anazishukuru na anagombana nazo."

Hiyo ndiyo insha iliyokatwa kwa wino mwekundu.

Nilimpigia simu siku ileile. Alifika kesho yake mchana kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamweleza: barua, mwenye shahada, muhuri, siku kumi na nne. Alikaa mkekani akacheka mpaka nikaogopa.

"Barua," akasema. "Wanataka barua."

"Mwalimu mkuu wako si ana shahada?"

"Ya jiografia. Atathibitisha nini, mvua?"

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili linaniuma kuliko lile la Jumapili. Nilikuwa nimeona wanafunzi wengi wakiondolewa. Nilijua alikuwa ameomba ruhusa halmashauri mara tatu, na ya nne hawatampa. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na shahada ndiyo ingempandisha daraja. Nikamwambia, "Chukua barua, Mwalimu. Ni karatasi tu. Maisha yaendelee."

Akainuka mkekani.

"Wewe ndiye uliyeniambia niulize barua zile zinamfanyia nini mwandishi," akasema. "Nimeuliza. Nimejibu kurasa tisa. Sasa unataka nikaongeze ukurasa wa kumi, uandikwe na mwanamume wa jiografia?"

"Ukikataa utaondolewa."

"Yule mwanamke aliichukua barua kwa sababu alikuwa anafukuzwa na mbwa. Mimi nafukuzwa na mratibu."

Vijana, nimekaa na vitabu vile miaka ishirini na moja, na sijasoma popote maelezo ya mtindo yaliyo bora kuliko hayo. Niliona haya. Kisha nikafanya kitu pekee ambacho mtunza maktaba anakijua: nikatafuta karatasi. Kitabu cha kanuni za masomo kilikuwa rafu ya chini kabisa, nimekiorodhesha mwenyewe, hakijawahi kuazimwa na mtu. Nikakisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya neno, mpaka tukakipata kifungu: mwanafunzi anayetuhumiwa kuwasilisha kazi isiyo yake ana haki ya kuomba asikilizwe ana kwa ana na jopo, kabla adhabu haijatolewa. Barua ya mdhamini haikutajwa mahali popote. Mratibu aliitunga.

Yustina akaandika ombi palepale, mistari minne. Nilimwambia aongeze neno la heshima mwishoni. Akasema, "Sentensi fupi, mzee," akatia sahihi.

Mratibu aliposoma alikuja tena maktaba. "Nani amempa kitabu cha kanuni?"

"Maktaba."

"Maktaba ni wewe."

"Ni ya kituo, mratibu. Mimi naifungua tu saa mbili na kuifunga saa kumi."

"Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutumia kifungu hiki."

"Ndiyo maana ukurasa wake ni msafi."

Mkataba wangu ulibakiza miezi mitatu. Aliliona hilo usoni pangu kabla mimi sijalifikiria, akasema taratibu, "Mzee, fikiria na wewe mambo yako." Nikamwambia nimefikiria.

Jopo lilikaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, watu watatu: mratibu, mhadhiri mmoja wa kike aliyesafiri kutoka mbali, na karani wa kuandika. Mimi niliitwa nilete kitabu chenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitoke, sikutoka. Yustina alivaa gauni la kwendea kanisani na viatu alivyokuwa amevifuta kwa majani njiani.

Mhadhiri hakumuuliza habari za insha. Alikifungua kitabu katikati, mahali ambapo insha haikugusa, akamsogezea. "Niambie kuhusu mtindo wa ukurasa huu."

Nilijua ukurasa ule. Ni pale mwanamke anaposimulia bibi mwenye nyumba aliyemfundisha kushona utotoni. Jedwali la desa lingesema: wema wa bibi.

"Naomba nisome kwa sauti," Yustina akasema.

"Soma kimya tu," mratibu akasema.

"Mwache asome," mhadhiri akasema.

Akasoma. Kiingereza chake kina lafudhi ya Kiha, kila neno anaweka mguu chini kabla ya kuinua mwingine. Mratibu akatabasamu pale alipokwama kwenye neno moja. Yustina akalirudia, akaendelea, akafika mwisho, akanyamaza kidogo.

"Sentensi saba za kwanza anamsifu bibi," akasema. "Bibi ana mikono laini, bibi ana subira. Ya nane inasema bibi alihesabu sindano kila jioni. Haisemi kwa nini alihesabu. Baada ya hiyo hamsifu tena. Mtu anayehesabu sindano anaogopa. Mwandishi anataka tujue kwamba bibi alimwogopa mtoto wa miaka tisa, lakini waliomwandikia barua wasingependa kulisikia, kwa hiyo ameliweka kwenye sindano."

Karani alikuwa ameacha kuandika. Mhadhiri akageuza kurasa, akampa nyingine, na nyingine tena. Ya tatu Yustina alisema, "Hii siielewi. Nimeisoma mara nyingi, siielewi." Mhadhiri akasema, "Hata mimi," na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Nani amekufundisha kusoma hivi?"

Mratibu akanigeukia mimi.

"Mzee wa maktaba amenifundisha kuuliza," Yustina akasema. "Kujibu nimejibu mwenyewe, jikoni kwangu Makere, maharage yakichemka. Mawili yaliungua. Sufuria mbili, ninamaanisha. Kama mnataka ushahidi ninazo bado."

Mhadhiri alichukua ile insha, akaandika sabini na moja upya kwa kalamu ya bluu chini ya ile nyekundu, akatia sahihi. Halafu akamwambia mratibu kwamba ile habari ya barua ya mdhamini asiisikie tena kituoni hapo. Mratibu akasema ilikuwa ni utaratibu tu. Yustina alikusanya karatasi zake tisa, akasema asante mara moja, akatoka. Nilimkuta nje akitapika nyuma ya tangi la maji. Alikuwa hajala tangu jana yake.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Mzee Kadi, niliogopa mpaka Kiingereza kikanitoka. Pale ulipoona nanyamaza nilikuwa nakitafuta."

Alimaliza shahada. Amepanda daraja. Anafundisha sekondari sasa, na nasikia wanafunzi wake wanakata maboksi ya sabuni.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Barua ilisema nimevuka mipaka ya kazi ya mtunza maktaba. Ilikuwa barua ya adabu sana, sentensi ndefu, shukrani tatu kwenye aya moja. Niliisoma kwa sauti, nikaweka alama, nikairudisha kwenye bahasha.

Kuna watu hapa Kibondo wananiambia nilikuwa mjinga, mtu wa darasa la saba kujitia kwenye mambo ya shahada za watu. Kuna mmoja wenu Jumamosi iliyopita ameniuliza kwa heshima vitabu vya Wamarekani waliokufa zamani vinamsaidia nini mtoto wa mkulima wa maharage. Nilimpa kitabu, si jibu. Ninyi pia sitawajibu. Nitawaambia tu msikubali mtu awawekee dhamana ya vichwa vyenu wenyewe, na msikubali kusoma kwa majibu ya duka la kopi, hata mkifeli mara mbili mkiwa mnajifunza kuuliza. Njooni na maboksi yenu. Mkasi ninao.

Mratibu alikuwa amenidokeza, kabla ya jopo, kwamba nikikaa kimya ningeongezewa miezi kumi na minane kwa mshahara uleule wa laki nne kwa mwezi. Nilichopoteza, basi, ni shilingi milioni saba na laki mbili.